Kipima chumvi cha mkononi bwawani: tathmini baada ya misimu miwili

Ninafuga mwatiko na perege katika mabwawa mawili nyuma ya mikoko, upande wa Bagamoyo, na kwa misimu miwili sasa chombo ninachokishika mara nyingi zaidi, ukiacha jembe na wavu, ni kipima chumvi cha mkononi, kile chenye umbo la darubini ndogo ambacho wauzaji hukiita refraktomita. Hakihitaji betri. Unadondosha matone mawili matatu ya maji juu ya kioo chake cha mshazari, unakilaza kifuniko cha plastiki taratibu ili hewa isinaswe, kisha unakielekeza penye mwanga na kuchungulia. Ndani utaona duara lenye rangi mbili, buluu juu na nyeupe chini, na pale mpaka wa rangi hizo unapokutana na mistari ya vipimo ndipo penye jibu. Maji ya kisima changu husoma 1 au 2. Maji ya bamvua yanayopita kwenye lango la bwawa husoma 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji.

Mfugaji anayeonja maji kwa ulimi, kama nilivyokuwa nikifanya, anaweza kuuliza kwa nini atoe fedha kununua namba. Jibu limo mwilini mwa samaki. Damu ya samaki wengi wenye mifupa, wawe wa ziwani au wa baharini, ina chumvi inayokaribia theluthi moja tu ya ile ya bahari. Sato aliye ziwani ana chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia bila kukoma kupitia matamvua, naye hukojoa sana, mkojo mwepesi, huku akiidaka kwa matamvua hayo hayo chumvi kidogo anayoipata. Changu aliye baharini hupatwa na kinyume chake: maji humtoka, hivyo hulazimika kunywa maji ya bahari na kuisukuma nje chumvi iliyozidi kwa chembe maalumu zilizomo kwenye matamvua. Mwatiko huzaliwa baharini, hukulia utotoni kwenye vijito vya mikoko, na hata maji baridi anayaweza, kwa sababu matamvua yake hubadilisha kazi kulingana na maji aliyomo. Lakini mabadiliko hayo huhitaji siku, wala si dakika.

Hilo nililijua kwa hasara. Kabla sijanunua kifaa hiki, nilihamisha vifaranga vya sato kutoka kwenye tangi la maji ya kisima hadi bwawani jioni moja, baada ya kuonja na kujiridhisha kwamba chumvi ni ya wastani. Ulimi hautenganishi 12 na 25. Usiku walizunguka juu juu mapezi yakiwa yamekunjwa, na alfajiri niliwaokota macho yamezama, wamepungukiwa maji mwilini wakiwa ndani ya maji. Siku hizi ninawapandishia chumvi hatua kwa hatua, takriban 5 kwa siku, nikipima kila ninapoongeza, na kwa bwawa lililo karibu na lango nimechagua perege wa asili ya mto Wami, anayestahimili chumvi kuliko sato.

Kifaa chenyewe kina mambo yake. Cha kwanza nilicholetewa na duka moja la jijini, ambalo sitalitaja, kilikuwa cha kupimia sukari, kile wanachotumia watengenezaji wa juisi. Kwa nje vinafanana kama pacha, na muuzaji alisisitiza kwamba ni kilekile. Kabla hujalipa, chungulia ndani na uhakikishe kuna mistari ya 0 hadi 100 kwa elfu. Changu kinajirekebisha chenyewe kwa joto la nyuzi 10 hadi 30, na hapo ndipo ninapokilaumu, kwa sababu maji ya bwawa la pwani mchana wa kiangazi hupita 30 kwa urahisi. Ninachota sampuli, naiacha kivulini ipoe, ndipo napima, tena upesi, maana tone likikaa juu ya kioo hukauka na kusoma chumvi zaidi ya iliyopo. Kila wiki nakirudisha kwenye sifuri kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, nikikaza skrubu ndogo ya juu kwa bisibisi kinachokuja nacho.

Faida yake kubwa niliiona wakati wa masika. Baada ya mvua ya usiku kucha maji ya juu yalisoma 6, nikataka kufungua lango haraka niingize ya bahari. Nilipochota kwa chupa iliyofungwa kwenye ufito, karibu na tope, kipimo kilikuwa 27: maji ya mvua ni mepesi, yalikuwa yameelea juu ya yale ya chumvi, na mwatiko walikuwa wametulia chini. Nililiacha lango limefungwa hadi upepo wa adhuhuri ulipoyachanganya yenyewe polepole.

Kwa bei niliyolipa, isiyofika hata nusu ya gharama ya vifaranga niliowapoteza, ningekinunua tena kesho. Kisuuze kwa maji ya kisima kila unapomaliza. Changu kimeanza kuota kutu kwenye skrubu kwa sababu mwezi wa kwanza sikufanya hivyo.