Fawcett au Pankhurst: nani aliwapatia wanawake wa Uingereza kura?

Ubishi huu hauishi: ni subira ya Millicent Fawcett au ukorofi wa Emmeline Pankhurst, wote viongozi wa kudai kura hiyo?

Kwa gharama, muungano wa Fawcett, ulioundwa 1897, ulilipa kwa muda: mikutano, maandamano ya amani, barua kwa wabunge. Ombi kubwa la kwanza la wanawake lilifika bungeni tangu 1866, hivyo hesabu mwenyewe miaka. Chama cha Pankhurst, kilichozaliwa Manchester 1903, kililipa kwa miili. Wanawake zaidi ya 1,000 walifungwa, na waliogoma kula wakalishwa kwa nguvu kwa mpira uliosukumwa puani au kooni. Emily Wilding Davison alifariki 1913 baada ya kugongwa na farasi wa mfalme mbioni Epsom. Hapo bei siijui.

Kwa kusikika, Pankhurst hana mpinzani. Kioo kilichovunjwa huandikwa gazetini. Ila kila moto uliowashwa na wafuasi wake uliwapa wapinzani kisingizio.

Kwa kudumu, Fawcett. Vita vya 1914 vilipozuka, Pankhurst alisimamisha kampeni. Muungano wa Fawcett uliwabana wabunge hadi sheria ya 1918, iliyowapa kura wanawake wa miaka 30 na zaidi, tena kwa masharti ya mali. Usawa na wanaume ulikuja 1928.

Kwa hiyo inategemea umesimama wapi. Mwenye mbunge wa kumsikiliza atamchagua Fawcett. Aliyefungiwa kila mlango ataelewa kwa nini Pankhurst alirusha mawe Downing Street, makazi ya waziri mkuu, mwaka 1912.