GeoGebra: programu ya simu kwa waliotoka HGE wakakutana na Lagrange

Nasimamia semina za hesabu za mwaka wa kwanza wa uchumi, na wanaohangaika zaidi ni waliosoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) kidato cha tano na sita. BAM, ile hesabu tumizi ya msingi, wameifanya, kudiferenshieti wanajua. Mpe x² atakuandikia 2x papo hapo. Muulize hiyo 2x inasema nini kuhusu gharama za kiwanda, kimya. Hao ndio ninaowaambia wapakue GeoGebra.

Aliyeianzisha ni Markus Hohenwarter, huko Austria, mwaka 2001. Mwanafunzi hailipii, na ikishakuwa kwenye simu inachora hata bando likikata. Chukua ile ya grafu.

Ubora wake utauona kwenye Lagrange, njia ya kutafuta kilicho bora zaidi ndani ya kikomo kama bajeti, mada inayowaliza wengi. Mlaji ana bajeti ya 40, bidhaa moja bei yake 2, nyingine 4, na kuridhika kwake tunakupima kwa x mara y. Andika 2x + 4y = 40, halafu x*y = a. Programu yenyewe itakuwekea slaida ya a, kitufe cha kutelezesha ili kubadili thamani yake. Ipanue ifike 60, kisha isogeze polepole. Kwenye 30, mkunjo unaukata mstari wa bajeti sehemu mbili, maana yake mlaji bado ana nafasi ya kupanda. Kwenye 50 unaugusa sehemu moja tu, x ikiwa 10 na y 5. Ukifika 51 umeshaachana nao, hela haitoshi. Sasa ongeza bajeti iwe 41, utafute tena pa kugusana: ni karibu na 52.5. Lile ongezeko la 2.5 ndiyo lambda, yaani kuridhika kunakoongezeka bajeti ikipanda kwa moja, waliyokuwa wanaikokotoa bila kujua kazi yake. Nimeona wanafunzi wakirudia zoezi hili wenyewe kwa bei nyingine bila kuagizwa, na hilo kwangu ni kubwa kuliko alama za jaribio.

Kasoro zipo. Kwenye uchumi bei tunaiweka mhimili wa wima, desturi iliyoenezwa na Alfred Marshall kwa kitabu chake cha 1890, lakini programu inataka x na y. Ukiandika Q (kiasi) na P (bei) haikuchorei mstari, inazichukua kama namba za kutafutiwa thamani. Kwa hiyo Q = 50 − 0.5P lazima uigeuze kwanza iwe P = 100 − 2Q, ndipo uandike y = 100 − 2x. Usipogeuza, mstari wa mahitaji utatoka na mteremko usio wake na athari ya kodi kwa bei utaisoma vibaya.

Pia inakupa jibu bila njia, na msahihishaji anatoa alama kwa njia. Ukiwa na bidhaa tatu au milinganyo ya matriki, kwenye simu haikusaidii sana. Huko rudi kwenye daftari na kalamu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ipakue wiki ya kwanza ya muhula, usingoje mtihani ukaribie.