Midoli ya kuvimba kwa maji: nunua inayohesabika

Muuza mapambo mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alinisifia bidhaa yake hivi: "Chukua mama, pakiti elfu moja tu, na zimo nyingi hazina idadi." Nikachukua. Ilikuwa wiki ya Idi. Mwanangu wa miaka sita alikuwa ameziona gololi za maji kwa binamu zake Makorora, zinang'aa ndani ya bakuli la kioo, na tangu siku hiyo alinikaba koo asubuhi na jioni.

Tulizimwaga kwenye beseni baada ya magharibi. Zikiwa kavu zilikuwa ndogo kama punje za uwele. Kulipokucha beseni limejaa pomoni, kila gololi imefikia ukubwa wa zabibu, na watoto wa mlango wa pili wameshaingia ndani bila hodi. Tulizichezea siku nne, nikazitupa, nikasahau.

Wiki mbili baadaye nakung'uta mkeka, ikadondoka punje moja kavu. Nikasogeza kabati, nikaona nyingine tatu. Mwanangu mdogo alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, umri ambao kila kinachookotwa huishia mdomoni, na siku hiyohiyo alikuwa ametapika mara mbili. Nikambeba mbio hospitali. Daktari akaniuliza swali moja tu: "Mama, zilikuwa ngapi, na zimebaki ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba picha ya eksirei haitanisaidia, kwa kuwa gololi hizi karibu zote ni maji, hazionekani kama inavyoonekana sarafu au betri ndogo. Tukarudi nyumbani na masharti ya kumtazama kwa karibu, nami kwa siku tatu nikachambua kila pampasi kwa kijiti. Alikuwa na tumbo la kawaida tu, hakumeza chochote. Lakini zile siku tatu sitaki mama yeyote azipitie, na ndiyo sababu naandika.

Ukitaka kujua rangi haichuji, au mdoli haunuki, hayo utayaona mwenyewe dukani. Mimi naangalia jambo moja ambalo sijaona mtu akilitaja: je, vinahesabika? Kabla ya kutia maji, vikiwa majini, na baada ya kukauka, je, naweza kuhesabu na kupata namba ileile? Kama siwezi, basi siku kikipotea kimoja sitajua kama kimepotea.

Majina ya dukani yanachanganya, kwa hiyo nianze hapo. Vitu hivi ni vya aina mbili tofauti kabisa. Aina ya kwanza inavimba kwa kunywa maji: gololi za maji, wanyama wa kukua, na dainosa wa ndani ya mayai. Ndani yake mna polima inayofyonza maji, ndugu wa ile poda iliyomo kwenye pampasi ya mtoto. Inayanywa maji polepole, saa kadhaa au siku kadhaa, kisha ukiiacha hewani inayatema na kurudi udogo wake wa awali. Aina ya pili haikui hata kidogo. Ni sponji au kitambaa kilichobanwa kiwandani. Maji yanakifungua tu kama unavyokunjua kanga. Kikishafunguka kimefunguka, hakirudi tena kuwa kidogo.

Hapo ndipo palipo tofauti yote. Kinachorudi udogoni baada ya kukauka kinakuwa hatari upya kila kikianguka chini ya kitanda. Kilichofunguka mara moja unakiona.

Namba moja kwangu, na sifichi, ni vidonge vya sponji, na kwa jina ni vya Toysmith. Mdogo wangu aliyeko Dar aliviagiza mtandaoni, akanitumia kwa basi. Pakiti ilikuwa na vidonge 12. Ganda la kidonge ni gelatini, jeli inayotokana na wanyama. Unakitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, baada ya dakika chache ganda linayeyuka na mnyama wa sponji anajikunjua mbele ya macho ya mtoto. Uvuguvugu ni lazima. Kwenye maji baridi ganda linalegea tu na kunata, watoto wanachoka kusubiri. Nilitia vinne, nikatoa wanyama wanne. Nikawakamua, nikawaanika kwenye kamba ya nguo, kesho yake bado wanne, na wakubwa vilevile. Vinane vilivyobaki vikarudi kwenye chupa yenye kifuniko, juu ya kabati, na juu ya chupa nimebandika karatasi yenye namba. Gharama ilifika elfu kumi na nane, na elfu tatu ya mzigo wa basi. Ni ghali, najua. Nimelipa zaidi ya hapo kwa kwenda na kurudi hospitali kwa bajaji.

Lakini vina kasoro moja, na nisipoisema nitakuwa nimewadanganya: vinafanana na dawa. Kidonge chekundu na njano, mtoto hawezi kukitofautisha na kapsuli ya bibi yake. Usimfungulie mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na hata mkubwa asiachiwe pakiti. Kimoja, mkononi mwako, kisha majini. Kidonge kikavu kikimezwa, sponji itafungukia tumboni, na hilo si la kungoja kesho. Mama mmoja wa jirani aliniuliza pia hiyo gelatini ni ya mnyama gani. Kwenye pakiti nyingi za vidonge vya namna hii haiandikwi. Hatuli, lakini swali lake ni la haki, na nyumba nyingi za Tanga zitaliuliza.

Namba mbili ni taulo za kubana. Hazina dainosa wala mbwembwe: ni kidude kama biskuti ngumu, unakitia kwenye kikombe, kinainuka na kujikunjua kuwa kitambaa chenye picha. Nimeziweka juu kuliko wanyama wa kukua kwa sababu ni kitu kimoja ndani ya pakiti moja. Huwezi kukosea kuhesabu kimoja. Na mwisho wa mchezo una kitambaa cha kumfuta mtoto uso.

Namba tatu, mnyama mmoja mkubwa wa kukua. Mamba, pweza, mjusi, wapo wengi. Masharti yangu mawili: awe mmoja peke yake kwenye pakiti, na akiwa mkavu asipenye kwenye kile kibomba cha boksi kilicho katikati ya tishu ya chooni. Nenda na kibomba chako dukani, usione haya. Viwanda hupima kwa kichupa chenye upana wa milimita 31.7, kwa hiyo kibomba chako kina nafasi kidogo zaidi, na zaidi hapo ni kwa faida ya mtoto. Kiwango cha midoli cha Ulaya, EN 71, kinataka kitu kinachoingia chote kwenye kichupa hicho kisivimbe kwa zaidi ya asilimia 50 upande wowote. Sasa fikiria gololi inayotoka kwenye punje ya uwele hadi zabibu: imeshavuka kipimo hicho kabla hujaamka. Pakiti nyingi za gololi nilizozishika zimeandikwa ni za mapambo au za maua. Muuzaji naye anazipanga kando ya baluni na midoli, usawa wa macho ya mtoto.

Mnyama wa kukua abadilishiwe maji kila siku, la sivyo yanakuwa na utelezi na harufu. Na akivimba sana mwili wake unakuwa laini kama jeli, mtoto anavuta mkia, mkia unabaki mkononi. Hapo hesabu imekufa: ulikuwa na mmoja, sasa una mmoja na kipande. Ikifika hapo, mtupe.

Hapa nijibu malalamiko niliyoyasikia kwa akina mama wasiopungua watano. Mmoja anayeishi Sahare alinunua mamba, akamtia kwenye ndoo siku tatu, mamba hakuongezeka hata unene wa kidole. Akarudi kugombana na muuzaji kwamba kauziwa feki. Nikamuuliza, maji ya wapi? Ya kisima. Visima vyetu vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na polima hii ikikutana na chumvi hainywi vizuri. Kwenye maji safi inaweza kunywa mamia ya mara uzito wake, kwenye maji ya chumvi inakunywa sehemu ndogo tu ya hapo. Alipomhamishia kwenye maji ya bomba, yale yanayotoka bwawa la Mabayani, mamba akaanza kunenepa usiku huohuo. Maji ya mvua ni mazuri zaidi. Vidonge vya sponji na taulo havina tabu hii, kwa kuwa maji kwao ni ya kufungulia tu.

Mayai ya dainosa, namba nne, sina mengi ya kusema. Ni ya bei nafuu, ganda linapasuka na kuacha vipande kwenye beseni, na dainosa wa ndani ni mdogo kuliko picha ya nje. Yale ya elfu moja yasogeleeni kwa kibomba cha tishu mkononi. Yakipenya, yaacheni.

Gololi za maji ziko mwisho, na sizishauri kwa bei yoyote katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, au inayotembelewa na mtoto anayetambaa. Septemba 2023 huko Marekani, seti zipatazo 52,000 za gololi hizi, zilizouzwa kwa jina la Chuckle & Roar katika maduka ya Target, ziliondolewa sokoni baada ya mtoto wa miezi 10 kumeza na kufariki mwezi Julai mwaka huo. Kabla mwaka haujaisha, Amazon, Walmart na Target zilitangaza kuacha kuuza gololi za maji za watoto. Huku kwetu bado zinaning'inia mlangoni mwa duka. Kinachotokea ni kwamba gololi inaendelea kunywa maji ndani ya mwili, inavimba na kuziba utumbo.

Ukishuku mtoto amemeza, usisubiri itoke yenyewe. Dalili ni kutapika, kukataa kula, kutokwa mate, tumbo kujaa au kuuma, na kukosa choo. Nenda hospitali, beba pakiti na punje moja kavu, na umwambie daktari kwa maneno haya: ni kitu kinachovimba kwa maji. Usiseme "kagololi" tu, atadhani ni ya kioo. Eksirei inaweza isionyeshe. Altrasaundi huweza kuionyesha. Na ikiwa imeingizwa sikioni au puani, usitie maji wala dawa ya matone, maana utakuwa unaivimbisha palepale ilipo.

Ulizonazo tayari usizimwage chooni wala kwenye sinki, zitavimba ndani ya bomba. Zitie kwenye chupa pana, zinyunyizie chumvi ya jikoni ya kutosha, zitatema maji na kusinyaa. Funga kifuniko kwa nguvu, tupa na chupa yake. Kisha inua mkeka, sogeza kabati, pitisha mkono chini ya kochi. Rudia baada ya wiki, kwa sababu zile zilizokuwa zimelowana siku ya kwanza na kukwepa ufagio zitakuwa zimekauka na kubingirika.

Sasa neno kwa wauzaji wetu, maana hili linaniumiza kuliko bei. Mzigo unashuka kutoka Kariakoo ukiwa kwenye pakiti kubwa yenye maandishi, walau ile picha ya uso wa mtoto ndani ya duara jekundu yenye 0 hadi 3 iliyokatwa mstari. Wanafungua pakiti ile, wanagawa gololi kwenye vifuko kama vya karanga, wanatia mshono wa mshumaa, shilingi mia tano mia tano. Onyo limebaki dukani, gololi zimeenda kwa watu. Mama aliyenunua kifuko kile hajui jina la kitu, hajui kimetengenezwa na nani, hajui umri, na akifika hospitali hana cha kuonyesha. Kugawa unga wa ngano hivyo sina ugomvi nao. Kitu cha mtoto kiuzwe na karatasi yake. Na wale wa mayai, yai lililokuwa elfu mbili mwezi wa Shaabani lilikuwa elfu nne ilipofika mkesha wa Idi, yai lilelile, rafu ileile, vumbi lilelile.

Wiki iliyopita nilipita tena kwa yule muuza mapambo. Nikamsalimia, akaitikia vizuri, akanikumbuka. Nikamwomba anihesabie pakiti moja ya gololi kabla sijalipa.

"Mama yangu, nani ana muda huo?"

Nikamwambia basi aniuzie kitu ambacho ana muda wa kukihesabu. Akapekua chini ya meza, akatoa taulo za kubana, tatu, elfu mbili moja. Akazihesabu mkononi mwangu: moja, mbili, tatu.