Kigeugeu wa bluu kwenye kibanda umiza: Mystique yupi wa kuonyesha Mwanza?

Hakuna muvi inayomchosha mtafsiri wa bandani, anayesimulia kwa Kiswahili na kuigiza sauti zote, kama muvi ya kigeugeu. Kwenye muvi ya kawaida steringi ana sauti yake, adui ana yake, na aliyekaa benchi la nyuma anajua nani anaongea hata kama anachungulia simu. Mystique, kigeugeu wa komiki na muvi za X-Men (hadithi za watu waliozaliwa na uwezo wa ajabu), anavuruga utaratibu huo. Sasa hivi ni mwanamke wa bluu mwenye nywele nyekundu na macho ya njano, punde si punde ni seneta, mara askari, mara steringi mwenyewe. Mtafsiri akiteleza mara moja tu, banda zima linaanza kuulizana "huyu nani?" na utamu umekwisha.

Kwa hiyo matoleo ya Mystique tumeyapima kwa jambo moja: je, muvi inampa mtazamaji alama ya kumtambua, na je, alama hiyo inaonekana kwenye banda la kawaida la Mabatini, Igoma au Kirumba, lenye tivii ya inchi 43 au projekta ya bei nafuu, bati juu na jua linalopenya kwenye matundu ya misumari?

Tuanze na jina. Watafsiri wengi watataka kumwita Kinyonga. Halifai, kwa sababu kinyonga hubadili rangi tu, umbo linabaki lilelile. Kigeugeu ni bora. Linabeba umbo na tabia kwa pamoja, maana huyu mama habadili sura peke yake, hubadili na upande.

Alizaliwa kwenye komiki za Marvel mwaka 1978, katika jarida la Ms. Marvel, hadithi ikiandikwa na Chris Claremont na sura yake ikibuniwa na Dave Cockrum. Huko huvaa gauni jeupe, fuvu la dhahabu kipajini na mkanda wa mafuvu kiunoni. Jina lake la kiraia ni Raven Darkholme. Ni mama mlezi wa Rogue, na ni mzazi wa Nightcrawler, wote wawili wahusika wa X-Men, ingawa hata uzazi huo umebadilishwa njiani. Kwa miaka mingi wasomaji walimjua kuwa ndiye mama aliyemzaa. Mwaka 2023 jarida la X-Men Blue: Origins likaeleza kuwa aliyebeba mimba ni mwenzake Destiny, na Mystique ndiye baba, jambo ambalo Claremont alilitaka tangu zamani. Mtazamaji wa bandani hahitaji ukoo wote huu. Mtafsiri anauhitaji, maana swali la "kwani huyu ni mama yake?" litakuja tu.

X-Men ya mwaka 2000, dakika 104, ndiyo ya kuanza nayo. Rebecca Romijn hana maneno mengi humo, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtafsiri. Mwili wake ulibandikwa vipande zaidi ya 100 vya silikoni, sehemu zilizobaki zikapakwa rangi, na kazi hiyo ilichukua takriban saa tisa. Siku moja kabla ya kupiga picha hakutakiwa kunywa mvinyo, kupaka mafuta ya ngozi wala kupanda ndege, kwa sababu badiliko dogo tu la ngozi lingefanya vipande vibanduke. Matokeo yake yanaonekana: ngozi ina vinundu na kingo, na anapobadilika magamba yanasimama na kupinduka kama ya sato ukimpitishia kisu kutoka mkiani.

Hapo ndipo mabanda mengi yanapokosea, na kosa ni la tivii. Mwenye banda huiweka kwenye mpangilio wa rangi kali au wa rangi za baridi ili picha "iwake". Rangi za baridi huongeza bluu kwenye kila kitu, nyuso za watu zinapauka kuelekea bluu, na Mystique anakosa utofauti. Rangi kali nazo zinafuta vivuli vidogo kati ya magamba, anabaki kama mtu aliyevaa soksi ya mwili mzima. Chagua mpangilio wa rangi za joto, kisha simamisha picha mahali anapoonekana mzima, shusha kontrasti kidogo kidogo hadi uone kingo za magamba mabegani. Kwa projekta, usirushe picha kwenye ukuta uliopakwa rangi ya bluu au kijani. Piga rangi nyeupe isiyong'aa, au tandika shuka nyeupe tabaka mbili na uivute isiwe na mikunjo. Onyesho la mchana lianze baada ya kuziba matundu ya bati, la sivyo matukio ya usiku pale kwenye Sanamu ya Uhuru yatakuwa weusi mtupu.

Matukio mawili ya muvi hiyo ndiyo shule ya mtafsiri. La kwanza, kijana Bobby anamshawishi Rogue atoroke kwenye shule ya X-Men. Endelea na sauti ya Bobby mpaka anapogeuka na macho yanakuwa ya njano. Ukisema mapema kuwa ni Mystique umeua tukio, ukichelewa watu watadhani Bobby ni msaliti hadi mwisho. La pili, ndani ya Sanamu ya Uhuru, anajigeuza Wolverine, yule steringi mwenye makucha ya chuma, na kupigana na Wolverine mwenyewe. Sauti ni moja kwa wote wawili, kwa hiyo mtafsiri asiigize, asimulie: "wa kweli ndiye huyu aliyeanguka". Baadaye anakuja kwa sura ya Storm, mwenzake Wolverine, na Wolverine anamchoma makucha bila kusita kwa sababu amemnusa. Usiliruke neno la pua. Asiyejua kwamba Wolverine hunusa ataona ameua rafiki.

X2 ya mwaka 2003, dakika 134, ndiyo bora kuliko zote, na kama banda lina nafasi ya muvi moja tu, iwe hii, ingawa jambo moja humo litapotea. Humo Mystique ana kazi yake mwenyewe. Anaingia baa kwa sura ya mwanamke mrembo, anamlewesha mlinzi wa gereza na kumchoma sindano ya chuma kwenye damu, ili Magneto, bosi wake anayetawala chuma kwa nguvu zake, aliyefungwa katika jela ya plastiki, apate chuma cha kutorokea. Mpango huo unaeleweka hata bila tafsiri. Kisha kwenye hema anamwendea Wolverine kwa sura ya Jean, mwanamke anayempenda. Wolverine anapapasa tumbo lake na kukuta makovu matatu, yale ya makucha ya muvi ya kwanza. Ndiyo sababu ya kuonyesha muvi hizi mbili kwa mfuatano. Ukianza na X2, makovu hayo hayana maana kwa yeyote.

Tukio la kwenye bwawa la maji linahitaji mtafsiri anayejua kuzuia ulimi. Wolverine anajitokeza peke yake mbele ya ngome ya Stryker, mwanajeshi adui wa X-Men iliyojengwa bwawani hapo, na askari wanamkamata. Muvi haijasema kuwa si yeye, nawe usiseme. Stryker anamtazama usoni na papo hapo anajua kuwa ni bandia, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtengeneza Wolverine wa kweli na kazi ya mkono wake haimpotei. Hapo waandishi wameonyesha ustadi mkubwa: kila anayemtambua Mystique humtambua kwa kile anachokijua kuliko wengine. Mwenye pua hutumia pua, fundi huijua kazi yake. Na Nightcrawler anapomuuliza kwa nini asikae na sura ya kawaida siku zote, anajibu kuwa hawapaswi kulazimika kufanya hivyo. Punguza sauti ya muziki hapo. Ndilo jibu linalomfanya awe mtu.

Sauti, kwa kweli, ni tatizo jingine. Diski hizi zina sauti ya njia sita, na maneno hupita kwenye spika ya katikati. Banda lenye spika mbili tu, na deki iliyoachwa kwenye njia sita, litasikia milipuko na muziki huku maneno yakififia. Ingia kwenye mpangilio wa sauti wa deki, chagua stirio, kisha hakikisha nyaya nyekundu na nyeupe zote zimeingia. Kama mvua ya masika inapiga bati, ahirisha. Hakuna spika ya banda inayoshinda bati la Mwanza mwezi wa nne.

Ya tatu, ya mwaka 2006, inamtumia vibaya. Anajikinga mbele ya Magneto, anapigwa dawa inayomwondolea uwezo, anabaki mwanamke wa kawaida, na Magneto anamwacha palepale sakafuni. Tukio hilo moja ni zito, watu wa bandani huwa wanaguna kwa uchungu. Baada yake hana kazi tena ya maana.

X-Men: First Class ya mwaka 2011 inamuumba upya kabisa. Jennifer Lawrence anamcheza akiwa binti aliyelelewa na Charles Xavier, mwanzilishi wa X-Men, kama dada yake, ukoo ambao komiki hazikuwa nao. Mwanzoni, mwaka 1944, mtoto huyo anaingia jikoni kwa sura ya mama yake Charles na kumwahidi chokoleti ya moto. Charles anashtuka, kwa kuwa mama yake hajawahi kukanyaga jikoni. Hapa alama ni ya nyumbani, na kila mtu bandani anaielewa. Kasoro ni kwamba muuaji baridi wa Romijn amegeuka msichana anayetafuta kukubalika, na muvi ina maongezi mengi. Mtafsiri mvivu ataiua. Angalia pia chumbani kwa Magneto: kwa muda mfupi Raven anachukua sura ya utu uzima, na anayeonekana ni Romijn. Sema waziwazi kuwa bado ni yeye.

Days of Future Past ya mwaka 2014 inatokana na komiki ya mwaka 1981, ambamo Mystique aliongoza kundi la kumuua Seneta Kelly. Muvi imembadilisha mlengwa kuwa mtengeneza silaha Trask, mwaka 1973. Jijini Paris anaingia mkutanoni kwa sura ya jenerali wa Vietnam, na kifaa cha Trask cha kutambua watu wenye uwezo kama wake kinalia. Fundi tena, na kazi yake tena.

Apocalypse ya 2016 na Dark Phoenix ya 2019 zipite. Anakaa na sura ya kawaida muda mwingi, ni nadra kumdanganya mtu, na kigeugeu asiyegeuka ni mwalimu wa kawaida tu.

Kwa watoto usionyeshe muvi za Romijn, maana anaonekana kama yuko uchi. Wawekee katuni ya X-Men: Evolution, ya mwaka 2000 hadi 2003, vipindi 52 vya takriban dakika 22. Humo Mystique ni mkuu wa shule, sura ya kawaida mchana na bluu ofisini. Kila mtoto wa Nyamagana anamwelewa mkuu wa shule anayejua kila kitu. Na kabla ya kutoza kiingilio, pata kibali cha Bodi ya Filamu na cha mwenye haki, kwa kuwa diski ya kununua dukani ni ya kuangalia nyumbani.

Kwa mabanda ya mialoni na Ukerewe, panga muvi hizi siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa nchi kavu kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Usiku wa kwanza X-Men, wa pili X2, wa tatu First Class, wa nne Days of Future Past. Na usiku huo wa nne usiwahi kuzima deki ili kuingiza kundi linalofuata. Mwishoni Wolverine anaopolewa majini, na Stryker anasema atamchukua yeye. Shikilia sauti ya Stryker, usiongeze neno. Macho yatakapogeuka ya njano, nyamaza, na uliache banda lipige kelele lenyewe.