FET, programu ya bure ya kupanga ratiba ya shule: nimeitumia muhula mzima, haya ndo maoni yangu

Mi ndo napanga ratiba shuleni kwetu, na kwa miaka nilikuwa napanga kwa penseli kwenye manila kubwa, kila mwalimu na rangi yake. Ukisogeza kipindi kimoja cha kemia unakuta saa hiyohiyo mwalimu yuko darasa lingine, ukimsogeza na huko unagonga maabara, unafuta unaanza tena. Wiki mbili zinaisha hivyo alafu siku ya kwanza ya masomo walimu wawili wanakutana kwenye mlango wa darasa moja, kila mtu kashika vitabu vyake, wanafunzi wanawaangalia. Ile hali inauma sana, we acha tu.

Kama na wewe unateseka na hii kazi usijione huwezi. Toka mwaka 1976 wataalamu wa kompyuta walishathibitisha kwamba kupanga ratiba ya shule ni kati ya yale matatizo magumu kabisa kwenye fani yao.

FET ilianzishwa na Liviu Lalescu, ni ya bure kabisa, inakaa kwenye kompyuta ya Windows, Linux au Mac, na ukishaiweka haihitaji intaneti kufanya kazi. Unaingiza siku, vipindi, madarasa, walimu, masomo na vyumba, alafu unaipa masharti: mwalimu fulani hayupo jumatano asubuhi, maabara ni moja, vipindi vya somo moja visirundikane siku moja. Ukibonyeza kuzalisha inaanza na vipindi vigumu kuweka, ikikwama inahamisha vile vilivyokaa ili kipya kipate nafasi, mpaka ikamilike.

Sasa mara ya kwanza ilinigomea hata kabla haijaanza. Nikasoma ujumbe wake vizuri, kumbe mwalimu mmoja wa hisabati nilimpa madarasa saba, kila darasa vipindi sita, jumla 42, na wiki yetu ina vipindi 40! Kwenye manila ningegundua siku ya kumi huko. Ndo maana nashauri kabla hujagusa kompyuta kaa na mkuu wa shule mhesabu mzigo wa kila mwalimu kwenye karatasi, maana kama walimu hawatoshi hakuna programu itakayowaongeza.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni uzito wa masharti. Mengi unayapa asilimia, 100 maana yake lazima, chini ya hapo ijitahidi lakini ikishindwa iachie. Mwanzoni niliweka 100 karibu kila mahali kwa sababu kila mwalimu alikuja na ombi lake na sikutaka kumuudhi mtu, ikawa inazunguka tu haimalizi. Hapo ndo ilibidi tuitishe kikao tukaamua wazi mbele ya wote, mama mwenye mtoto mchanga asiyeweza kipindi cha kwanza hilo ni lazima, anayetaka tu ijumaa amalize mapema hilo ni ombi. Kusema kweli kile kikao kilikuwa kigumu kuliko programu yenyewe, ila manung'uniko ya kwamba fulani anapendelewa yalipungua sana kwa sababu kila mtu alisikia sababu kwa masikio yake. Mkuu wa shule asipokuwepo kwenye kikao hicho msimamizi wa ratiba ataonekana adui wa kila mtu, jamani msimwache peke yake.

Baada ya hapo iliitoa kwa dakika chache tu. Nikafunga vipindi vilivyokaa vizuri visihame, nikazalisha tena vilivyobaki.

Upande wa pili, muonekano wake siyo wa kuvutia, menyu ni nyingi na maneno yake ya kiufundi yatakuchanganya siku mbili tatu za mwanzo. Anza na mfano mdogo wa madarasa mawili, usiingize shule nzima kwa mpigo. Pia usitegemee ikupangie asubuhi nani ashike darasa la mwalimu aliyeugua, hiyo bado ni kazi ya mtu. Ila kwenye kurasa inazotoa kuna moja inaonyesha walimu walio huru kila kipindi, mi niliichapa nikaibandika ofisini pembeni ya daftari la mahudhurio, na sasa anayekaa zamu anaangalia pale anamuita mtu badala ya kuzunguka anauliza nani hana kipindi. Angalia tu asiitwe yuleyule kila siku, weka alama kila mtu akishika.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Faili lake hifadhi sehemu mbili, moja kwenye flashi, maana muhula ujao unabadilisha mzigo wa walimu tu, huanzi upya.