Lang Lang au Yundi Li, nani mkali zaidi?

Hawa wapiga piano wawili wote Wachina, wote wamezaliwa 1982, Lang Lang wa Shenyang na Yundi wa Chongqing, lakini njia zao za kutoka kimaisha ni tofauti kabisa. Yundi alianza na kodiani utotoni ndo akahamia piano, halafu 2000 akiwa na miaka 18 tu akaenda Warsaw, Poland, kwenye yale mashindano ya piano ya Chopin (mtunzi wa muziki wa piano wa zamani) akabeba namba moja, Mchina wa kwanza kabisa, na ujue 1990 na 1995 majaji walikataa kumpa mtu yeyote hiyo namba moja! Lang Lang yeye alikuwa Marekani anasoma chuo cha muziki cha Curtis pale Philadelphia, 1999 mpiga piano André Watts akaugua, dogo wa miaka 17 akaitwa kuziba pengo, akapiga kazi ya mtunzi Tchaikovsky na okestra ya Chicago na kuanzia hapo simu hazikukatika.

Kwa umaarufu hakuna mjadala, Lang Lang kamwacha mwenzie mbali, 2008 alipiga ufunguzi wa Olimpiki Beijing dunia nzima inaangalia. Ila mbwembwe zake bwana, kichwa juu, macho kafumba, mikono hewani, kuna watu zinawakera (mimi mmoja wao, japo nikifumba macho nasikiliza tu aah, mtu anajua). Yundi katulia, hana makeke. Nikitaka Chopin wa usiku namuweka Yundi, nikitaka kuona shoo, Lang Lang.