Amoksilini ya watoto madukani Tanga: chukua kidonge cha kuyeyuka, acha chupa

Mzazi mwenye cheti cha nimonia ya mtoto akiingia duka la dawa Ngamiani au Makorora, anaweza kupewa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, ya aina mbili: chupa ya unga wa kuchanganya na maji, au kidonge cha miligramu 250 kinachoyeyuka majini. Kwa joto la Tanga, kidonge ndicho bora.

Chupa ina mitego mingi. Unga unataka maji yaliyochemshwa yakapoa, yafike kwenye alama basi, tena povu litulie kwanza ndipo yaongezwe. Yakipita alama, dawa huwa nyepesi na mtoto hupata dozi pungufu. Ikishachanganywa hukaa siku 7 hivi, mahali pa baridi. Kaskazi ikivuma na nyumba haina friji, nguvu yake hushuka mapema. Isipotikiswa, nzito yote hubaki chini. Tuitendee haki lakini: sirapu zilizohusishwa na vifo vya watoto Gambia mwaka 2022 zilikuwa za kikohozi, mafua na mzio, zikiwa na dayathilini glaikoli, sumu ya figo. Amoksilini hii si katika hizo.

Kidonge hakihitaji friji. Kitie kwenye kikombe kidogo, mimina mililita 5 hadi 10 za maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kiache kiyeyuke, mnyweshe. Ukizidisha maji hatamaliza. Chengachenga hubaki chini, kwa hiyo suuza kikombe kwa maji kidogo, umpe na hayo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa nimonia ni asubuhi na jioni, siku 5: kidonge 1 kila mara kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, viwili kwa wa mwaka 1 hadi chini ya 3, vitatu kwa wa miaka 3 hadi chini ya 5. Bahasha ikiandikwa 1x3, yaani kidonge 1 mara tatu kwa siku, muulize mtoa dawa kabla hujaondoka.

Adui wa kidonge ni unyevu. Kikibanduliwa kwenye karatasi yake na kutiwa kwenye bahasha, hewa ya pwani hukilainisha kikabomoka. Kataa kabisa. Vikatwe pamoja na karatasi, upande wenye tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo.

Mtoto akitoka upele, akivimba uso au akibanwa pumzi, simamisha dawa, mkimbize hospitali na hiyo karatasi mkononi, na uombe ijazwe fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya kuripoti madhara ya dawa.